Muulize Mtakwimu: "Nani ametuandikisha umaskini?"

Barua tatu za mwezi huu zinahusu jambo moja, yaani kupima uhitaji wa watu kwa kuangalia wanapoishi. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu aliyeiandika ana mtoto anayejaza fomu za chuo, na fomu hazingoji.

SWALI: Assalaam alaykum mzee wangu. Mimi ni mzaliwa wa Kisauni, sasa tunakaa Leicester. Mume wangu ni dereva wa basi, mimi nahudumia wazee kwenye makao yao. Nyumba tunailipa wenyewe benki kila mwezi, hatuchukui posho ya serikali hata moja. Juzi mwalimu wa kijana wetu alimwambia kwamba postikodi yetu iko kwenye desili ya pili ya uhitaji, kwa hiyo vyuo vingine vitamlegezea alama za kuingilia. Kijana akafurahi. Baba yake hata chai hakuimaliza: "Nani ametuandikisha umaskini?" Nikafungua ramani yenyewe kwenye intaneti. Shoga yangu yuko ng'ambo ya barabara tu, nyumba yake na yangu hazina tofauti ila rangi ya mlango, naye ameandikwa desili ya tano! Nani ametupanga hivi? Kijana apokee au akatae? Na jambo hili litatufuata kwenye bima na mikopo? – Mama Kijana, Leicester

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Mpe mumeo salamu zangu na umwambie hakuna aliyemwandikisha. Hakuna karani aliyebisha hodi kwenu, wala jina lenu halimo kwenye daftari la hesabu hiyo. Kilichopimwa ni ardhi mnayokaa pamoja na watu wengine wapatao elfu moja na kitu.

Iko hivi. England imekatwa vipande 33,755. Kila kipande kina kaya baina ya 400 na 1,200, watu baina ya 1,000 na 3,000, na mipaka yake ilichorwa na watu wa takwimu. Haifuati mtaa mnaoujua nyinyi wala jina la stendi ya basi. Postikodi, ambayo kwa wastani ina anwani kama 15 tu, inatumika kumwonyesha mtu yuko kipande gani, basi. Serikali ikishakata vipande, inavipanga kuanzia nafasi ya 1, ambayo ndiyo yenye uhitaji mkubwa kuliko zote, hadi ya 33,755. Orodha ya kwanza ya aina hii ilitoka mwaka 2000, ya karibuni zaidi ni ya 2025. Orodha ikigawanywa mafungu kumi yaliyo sawa, kila fungu ndiyo desili. Nyinyi mko fungu la pili kutoka chini, maana yake kipande chenu kiko mahali fulani baina ya nafasi ya 3,376 na 6,751.

Sasa nafasi hiyo inapatikanaje? Huchukuliwa mambo saba. Kipato kinabeba asilimia 22.5 ya uzito, na ajira vilevile 22.5. Elimu na ujuzi asilimia 13.5, afya 13.5. Halafu uhalifu, ugumu wa kupata nyumba na huduma, na hali ya mazingira ya kuishi, kila kimoja asilimia 9.3. Chini ya hayo saba kuna vipimo vidogo vidogo vingi, na hapo ndipo mtu wa kwetu anapaswa kufungua macho.

Chukua elimu. Humo ndani wanahesabiwa watu wazima wasio na vyeti, au wasioongea Kiingereza vizuri. Mama aliyewasili kutoka Bajuni na Kiswahili chake fasaha na Kiarabu chake cha madrasa anaongeza uhitaji wa mtaa, hata kama duka lake linauza vizuri kuliko la jirani Mwingereza. Ukienda kwenye kipato, wanaohesabiwa ni wanaopokea posho fulani za serikali, pamoja na waomba hifadhi wanaopewa msaada wa kujikimu na malazi. Lakini wewe unawajua watu ambao viza zao zimepigwa muhuri kwamba hawana haki ya misaada ya umma. Hao wanaweza kulala wanne chumba kimoja, wakafanya kazi za usiku kwa malipo ya chini, na hesabu ya kipato isiwaone kabisa, kwa sababu hawako kwenye daftari la posho yoyote. Vivyo hivyo mzee mwenye haki ya posho ambaye haya zimemzuia kuomba. Nikiulizwa kasoro kubwa ya kipimo hiki kwa jamii zetu za ughaibuni, nitaitaja hiyo kabla ya nyingine zote: anayeonekana ni aliyejaza fomu.

Kuna ujanja mmoja wa hesabu ambao mimi naupenda, ingawa wengi hawaufahamu. Ukichukua wastani wa kawaida, zuri litafuta baya: mtaa uliojaa wasio na kazi ungejisafisha kwa hewa nzuri na ukimya wa barabarani. Waliotunga wamelizuia hilo. Nafasi ya kila mtaa katika kila jambo hugeuzwa kuwa alama, 0 hadi 100, lakini kwa mchoro unaopanda ghafla mwishoni, kiasi kwamba asilimia 10 ya mitaa yenye hali mbaya zaidi hujigawia peke yake alama za 50 hadi 100. Mtaa ukizama kwenye ajira, umezama. Hewa safi haitauvuta juu sana.

Nitakupa mfano wa huko huko. Sehemu ya Jaywick, ufukweni mwa Essex karibu na Clacton, imeshika nafasi ya 1 mwaka 2010, 2015, 2019 na tena 2025. Nyumba nyingi za kule zilianza miaka ya 1930 kama vibanda vya mapumziko vya watu wa London, vya kukaa wakati wa joto, halafu watu wakahamia moja kwa moja. Mchanga wake ni mzuri, watalii huusifu. Hakuna hata kimoja kati ya yale mambo saba kinachohesabu mchanga.

Turudi kwa shoga yako. Nyumba zenu zinatazamana, lakini hesabu haikutazama nyumba zenu. Barabara ile ni mpaka. Kipande chake kinaanzia kizingitini pake na kuendelea upande wa pili, ambako pengine kuna nyumba mpya za watu wa maofisini. Chenu kinaweza kuwa kinarudi nyuma hadi kwenye maghorofa ya halmashauri. Ninyi wawili mko pembeni kabisa ya vipande vyenu, na kila mmoja amepewa alama ya watu ambao hata hawajui jina. Tena usiuone umbali wa desili tatu kuwa mkubwa kuliko ulivyo. Hizi ni nafasi, kama nafasi za mtihani shuleni: kujua mtoto ametoka wa tano na mwingine wa kumi na tano hakukuambii wamepishana alama ngapi. Huko chini kabisa mitaa imeachana kwa alama nyingi. Ukipanda kuelekea katikati ya orodha imebanana, na tofauti ndogo ya maisha inaweza kukurusha nafasi elfu kadhaa.

Kwa sababu hiyohiyo, mtaa kupanda kutoka desili ya pili hadi ya tatu hakuthibitishi kwamba maisha ya watu wake yamepata nafuu. Huenda mitaa mingine imeporomoka. Na nchi nzima ikitajirika kesho asubuhi, bado asilimia 10 ya mitaa itakuwa desili ya kwanza. Orodha haina namna ya kuwa tupu chini.

Hoja ya mumeo ina ukweli ndani yake, nawe usiidharau. Kukaa kwenye mtaa wenye uhitaji hakumfanyi mtu mhitaji. Serikali yenyewe inayotoa takwimu hizi inalisema hilo waziwazi. Katika toleo la 2019, hata ukichukua mitaa ya chini kabisa kwa upande wa kipato, ile desili ya kwanza, waliohesabiwa kuwa na uhitaji wa kipato walikuwa kwa wastani kama theluthi moja ya wakazi. Waliobaki, wengi wao, ni watu kama nyinyi: wanaamka alfajiri, wanaendesha basi, wanalipa nyumba. Na kinyume chake pia ni kweli, kuna maskini wa kutupwa wanaokaa kwenye mitaa ya desili ya nane, na chuo hakiwaoni kwa postikodi.

Je, kijana apokee? Apokee. Hii ni rai yangu, na nitakwambia kwa nini. Chuo hakidai kwamba baba yake ni fukara. Kinachofikiriwa ni kwamba mtoto aliyekulia kwenye eneo hilo, akapata alama kadhaa katika mazingira yale, ana uwezo sawa na aliyepata alama za juu zaidi kwenye eneo la raha. Vyuo vingi haviishii kwenye postikodi, huangalia pia kama mtoto alikuwa akipata chakula cha bure shuleni, kama wazazi walifika chuo kikuu, na shule yake inafaulishaje. Akiulizwa swali lolote kwenye fomu ajibu ukweli mtupu, postikodi itajisemea yenyewe. Asijaze kitu cha kujifanya mnyonge. Hapo nitakuwa upande wa baba.

Bima na mikopo nitajibu haraka. Nafasi hii ni ya mtaa, haimo kwenye rekodi zenu za ulipaji wa madeni. Kampuni za bima ya gari zinaangalia postikodi, hilo ni kweli na mumeo dereva analijua, ila zinafanya hesabu zao wenyewe za ajali, wizi na madai. Zilikuwa zikifanya hivyo na zitaendelea, orodha iwepo isiwepo.

Na mkihamia Glasgow au Cardiff msiende na hii desili yenu. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina vipimo vyao, vipande vyao vya ukubwa tofauti, na uzito tofauti. Desili ya pili ya Leicester haiwezi kulinganishwa na ya Glasgow.

SWALI: Mzee, nafundisha Jiografia katika sekondari moja ya Kaunti ya Kilifi. Nikiwaeleza wanafunzi habari ya maeneo yaliyotengwa, najikuta nina orodha mbili: ya kwanza ina kaunti 14 na Kilifi imo, ya pili haina kaunti, ina maeneo madogo madogo mengi sana. Kwa nini orodha ilibadilika, na ipi ni bora? – Mwalimu wa Jiografia, Kilifi

JIBU: Mwalimu, swali zuri, na wanafunzi wako wana bahati kwa sababu jibu liko nje ya dirisha la darasa lao.

Katiba ya 2010, kifungu cha 204, iliunda Hazina ya Usawazishaji: nusu ya asilimia moja ya mapato ya serikali ya kitaifa kila mwaka, kwa ajili ya maji, barabara, vituo vya afya na umeme kwenye maeneo yaliyotengwa, mpaka huduma zao zifanane na za nchi nzima kwa jumla. Imepewa uhai wa miaka 20. Tume ya Ugavi wa Mapato ndiyo iliyopewa kazi ya kusema maeneo hayo ni yapi. (Usiichanganye na fedha wanazogawiwa magavana, hizo zina fomula yake, na ile ya kwanza iliupa wingi wa watu asilimia 45 na umaskini asilimia 20.)

Sera ya kwanza ilitumia kaunti: Turkana, Mandera, Wajir, Marsabit, Samburu, Pokot Magharibi, Tana River, Narok, Kwale, Garissa, Kilifi, Taita Taveta, Isiolo na Lamu. Ukiisoma unaona historia ya nchi, wala huwezi kuigombeza. Lakini Kilifi ilihesabiwa watu 1,453,787 kwenye sensa ya 2019, na ndani yake kuna Vipingo yenye uwanja wa gofu, kuna Mtwapa ya magorofa ya kupangisha, na kuna Ganze. Ukiichukua kaunti nzima kama kitu kimoja, mtu wa Mtwapa anahesabiwa ametengwa sawasawa na wa Ganze, na mtu wa bara ya Baringo, kwa kuwa kaunti yake haikuingia kwenye zile 14, hakuhesabiwa kabisa. Sera ya pili ikateremka hadi kata ndogo, eneo la naibu wa chifu, ikapata maeneo 1,424 katika kaunti 34. Kwa macho yangu ya kitakwimu, hilo lilikuwa sahihi.

Gharama yake ipo. Kadiri kipande kinavyokuwa kidogo, ndivyo unavyobaki na chanzo kimoja cha kutegemea, nayo ni sensa, ambayo ni ya kila miaka kumi. Tafiti za sampuli hazina kaya za kutosha kwenye kila kata ndogo kuweza kusema lolote la maana. Na mipaka inakata: kijito kimoja, huku naibu chifu huyu, kule yule, wanawake wanateka maji pamoja, jina la upande mmoja liko kwenye orodha na la pili halipo.

Tena sensa yenyewe inauliza nini? Nilikuwa karani Agosti 1999, nimetembea Ganze na fomu za karatasi mkononi, na swali lililonichekesha lilikuwa la paa: mabati, vigae, saruji, nyasi, makuti. Makuti kwenye hesabu za baadaye huwa ni dalili ya uhitaji. Nenda Watamu uone hoteli za kitalii zilivyoezekwa makuti hayohayo, manene, yaliyopangwa na fundi hodari, na bei ya chumba kwa usiku mmoja haisemeki mbele ya watoto. Nyumba ya mabati mapya niliyoikuta kule ndani ilikuwa joto kama nini saa sita mchana, na wenyewe walikuwa wamekaa chini ya mkorosho. Kwenye fomu, wao walikuwa afadhali kuliko jirani yao wa makuti.

Sisemi swali lifutwe. Ukichanganya paa, sakafu, maji, choo na taa, picha inayotoka si mbaya. Ila kipimo kilichotungwa kwa nchi nzima huonea mahali fulani kila mara. Mwaka 1988 Peter Townsend na wenzake, Uingereza, walipima uhitaji wa maeneo kwa mambo manne: kukosa kazi, kukosa gari, kukaa nyumba isiyo yako, na msongamano ndani ya nyumba. Mjini kipimo hicho kilifanya kazi. Vijijini, ambako basi ni la nadra, maskini hujibana akanunua kigari kikuukuu ili afike kazini, na hapo akaonekana ana nafuu. Wape wanafunzi wako zoezi: watunge vipimo vitano vya kata yao wenyewe, halafu waviangalie kama vingefaa Lamu. Watagombana hadi kengele.

SWALI: Shikamoo. Niko mwaka wa tatu chuoni Dodoma. Nina takwimu za hali ya umaskini kwa kata na idadi ya wagonjwa wa kifua kikuu kwa kata. Kata maskini zina wagonjwa wengi. Naweza kuandika kwamba maskini ndio wanaougua zaidi? – Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Marahaba. Hapana, usiandike hivyo, hata kama unahisi ni kweli, na hata kama ni kweli. Takwimu zako haziwezi kulisema hilo.

Mwaka 1950 mwanasosholojia wa Marekani, W. S. Robinson, alichukua sensa yao ya 1930 akatazama majimbo 48. Majimbo yenye wahamiaji wengi ndiyo yaliyokuwa na wasiojua kusoma wachache. Mtu wa haraka angesema wahamiaji wamesoma kuliko wenyeji. Robinson alipoangalia mtu mmoja mmoja alikuta kinyume: wahamiaji ndio waliokuwa hawajui kusoma zaidi. Ilikuwa tu kwamba walikuwa wakihamia kwenye majimbo ambayo wenyeji wake walikuwa wamesoma.

Huenda kwenye kata zako wanaougua ni wenye nafuu wanaosafiri. Huenda kata hizo ndizo zilizo na kituo cha kupimia makohozi, kwa hiyo wagonjwa wanaonekana. Andika "kata zenye umaskini mkubwa zina wagonjwa wengi walioandikishwa", usimame hapo, kisha uende hospitali ukaombe kibali cha kuwahoji wagonjwa wenyewe.

Na msimamizi wako akikuuliza basi takwimu za eneo zina faida gani, mtajie Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Tanzania. Wao walianza kwa kuchagua maeneo, kisha ndani ya kijiji mkutano ukataja kaya, kisha kaya ikaulizwa dodoso la hali yake. Eneo lilikuwa hatua ya kwanza kati ya tatu. Wewe uko kwenye hatua ya kwanza na unataka kuandika hitimisho la ya tatu.